Kukosea Kwenye Usaili si Mwisho: Ya Kuwaambia Vijana Wetu Walioko Bondo

Kila mwaka, KUCCPS ikishagawa nafasi za vyuo, kuna watoto wetu wa Likoni, Msambweni, Malindi na Lamu wanaojikuta wamepangiwa Bondo. Mzazi huuliza kwanza Bondo ni wapi. Ni mji wa kaunti ya Siaya, ukishapita Kisumu, karibu na Ziwa Victoria, na kutoka Mombasa ni safari ya karibu kilomita 900. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, chenye jina la makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, mwenyeji wa huko huko. Pahali hapo palikuwa chuo cha walimu, mwaka 2009 pakawa chuo kishiriki cha Maseno, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Nilipita Bondo kwa shughuli zangu, nikapata nafasi ya kuketi na vijana kadhaa wa pwani wanaosoma huko, wengi wao mwaka wa mwisho. Nilidhani wataniuliza kazi ziko wapi. Swali lililorudi mara kwa mara lilikuwa jingine: "Ami, nikishakosea mle ndani, nifanyeje?"

Mmoja wao, msichana anayesomea ualimu, aliitwa usaili wa nafasi ya muda katika shirika moja. Swali la pili likamkwama. Akanyamaza, akasema samahani, akachukua mkoba wake akatoka. Tangu siku hiyo hajatuma ombi jingine.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Watoto hawa wanasoma miaka minne mbali na nyumbani, wazazi wengine wameuza hata minazi, mkopo wa HELB unawangoja kulipwa, halafu safari yote inakatikia kwenye kiti kimoja kwa sababu ya swali moja. Chuoni wamefundishwa kufaulu mtihani. Kurekebisha kosa mbele ya watu hawakufundishwa, na hilo ndilo linalowaangusha.

Jopo linavyohesabu

Mimi si profesa. Nina diploma yangu ya usimamizi wa wafanyakazi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitwa kukaa kwenye jopo la usaili hapa Mombasa. Kitu ambacho waombaji wengi hawakijui ni kwamba usaili uliopangwa vizuri, hasa wa serikali, wa bodi za utumishi za kaunti na wa mashirika makubwa, una karatasi ya alama mbele ya kila msaili. Kuna alama za ujuzi wa kazi, za mawasiliano, za namna mtu anavyofikiri na anavyojibeba. Mwisho alama hujumlishwa na waombaji hulinganishwa.

Hebu piga hesabu. Tuseme maswali ni 10, kila moja alama 10. Ukianguka kabisa kwenye moja, bado una alama 90 za kupigania. Ukinyanyuka baada ya swali la pili, umeziacha mezani alama 80 ambazo hakuna aliyekunyima.

Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye karatasi. Kazini watu hukosea kila siku. Karani huandika tarakimu vibaya, mwalimu hukosea ubaoni, mhudumu wa hoteli hupeleka chakula meza siyo. Mwajiri anataka kujua wewe ukikosea utaficha, utamlaumu mwenzako, utaduwaa, au utarekebisha kisha uendelee. Kwa hiyo kosa lako mbele ya jopo ni swali ambalo hawakulipanga, na wote watatu au wanne wanangoja kuona utakavyolijibu. Nimeona mwombaji akijisahihisha vizuri akapanda machoni pa jopo kuliko aliyejibu yote bila kukwama kama aliyekariri.

Makosa ya kawaida na dawa yake

Kuchelewa. Piga simu kabla ya saa ya miadi, usingoje ipite. Sema umekwama wapi, utafika saa ngapi, na uliza kama bado watakupokea. Ukifika, omba radhi kwa sentensi moja, ukae. Habari za matatu, pancha na askari wa barabarani hazitakuongezea alama. Na anayetoka Bondo kwenda usaili wa asubuhi Kisumu asipange kufika dakika ile ile. Apange kufika saa nzima kabla, au alale Kisumu kama ana jamaa.

Akili kuganda. Hakuna sheria inayosema ujibu papo hapo. Sema, "Naomba nifikirie kidogo." Vuta pumzi. Ikiwa bado hakuji kitu, sema, "Naomba turudi kwenye swali hili baadaye." Wasaili wengi hukubali. Jibu likikujia njiani, lishike, ulitoe mwishoni wanapokuuliza kama una la kuongeza.

Kusema lisilo sahihi. Umetaja mwaka usio wenyewe, au umelitaja shirika jingine badala ya lile uliloomba kazi. Simama hapo hapo useme, "Naomba nijisahihishe," toa lililo sahihi, endelea. Sentensi moja inatosha. Wengi huharibu kwa kuomba radhi mara tano, na kila radhi inawakumbusha wasaili kosa ambalo walikuwa wameshalisahau.

Kutojua. "Sijui" pekee yake hufunga mlango, na kubahatisha kwa maneno mengi huchosha. Sema hivi: "Jambo hilo sijalifanyia kazi bado. Lililo karibu nalo ninalolijua ni hili, na hilo ningelitafuta kwa njia hii." Msaili anapata kujua mipaka yako na namna unavyojifunza, na vyote viwili vina faida kwake.

Lugha. Usaili mwingi Kenya hufanywa kwa Kiingereza, na wapo watoto wetu wenye Kiswahili cha kusifika ambao hujikunyata hapo. Tumia sentensi fupi, sema polepole. Neno likikukimbia, lieleze kwa maneno mengine. Hukusikia swali, omba lirudiwe. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo si aibu kuomba kwa adabu kulieleza jambo moja gumu kwa Kiswahili. Wakikataa, usifungue mjadala. Endelea na usaili.

Simu kulia. Izime bila kuangalia nani anapiga, sema samahani, rudi kwenye jibu.

"Sijawahi kukosea." Jopo likikwambia, "Tueleze siku uliyokosea kazini au chuoni," hili ndilo jibu baya kuliko yote. Hakuna anayeliamini. Wanataka kisa kifupi cha kweli: palikuwa na nini, ulitakiwa ufanye nini, ulifanya nini baada ya kukosea, na mwisho ikawaje. Kijana asiye na kisa cha namna hiyo huonekana ama hajafanya kazi yoyote au hajiangalii.

Uongo si kosa

Hayo yote ni makosa, na kosa lina dawa. Uongo ni uamuzi, nao ni mlango mwingine kabisa. Mwezi Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza matokeo ya ukaguzi wa vyeti katika taasisi za serikali, na zaidi ya watumishi 2,000 walipatikana na vyeti vya kughushi. Watu hao walishavuka usaili, wakaajiriwa, wakapokea mishahara. Cheti kikawafuata huko huko kazini. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, imekuwa ikiwapeleka mahakamani wenye vyeti bandia na kudai hata mishahara waliyolipwa.

Najua msomaji atasema mtoto wake hawezi kughushi cheti. Lakini wapo wanaoandika kwenye wasifu wao kwamba wanajua programu ya hesabu ambayo waliiona mara moja tu kwa rafiki, au kwamba "walisimamia" mradi ambao walikuwa wakibeba viti. Jopo likikuwekea kompyuta mbele, utafanyaje? Kama wasifu wako una sentensi ambayo huwezi kuitetea kwa dakika mbili, ifute leo kabla hujatuma ombi jingine.

Adabu zetu na macho ya mgeni

Sisi watu wa pwani tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, kusema kwa sauti ya chini na kutojisifu. Hiyo ni adabu, na sitaki kijana yeyote aitupe. Lakini msaili asiyetujua anaweza kuisoma kama woga, au kama mtu anayeficha jambo. Kwa hiyo mwangalie usoni anayekuuliza, kwa upole, na upandishe sauti kiasi cha kusikika upande wa pili wa meza. Heshima yako itaonekana kwenye maneno yako na kwenye kungoja mwenzako amalize kabla hujasema.

Kujisifu nako kuna mpaka wake. Ukisema "mimi ni hodari sana", umejisifu. Ukisema "tulikuwa wanafunzi wanne, kazi yangu ilikuwa kuandika vipimo, niliona havilingani na vya jana, nikamwambia mwalimu tukapima upya", umetoa ushahidi. Tabia yetu ya kusema "sisi" kwa kila jambo ni nzuri barazani, ila jopo linataka kujua sehemu yako katika hiyo "sisi". Itaje bila kuwanyang'anya wenzako yao.

Vijana wawili waliniuliza juu ya kupeana mikono. Asiyeshikana mkono na asiye wa jinsia yake aweke mkono kifuani, atabasamu na kusalimia kwa sauti iliyo wazi kabla mwenzake hajaunyosha wake. Likifanywa kwa utulivu, watu hulipokea. Anayeruka nyuma huwaacha wenyeji wameduwaa. Kuhusu hijabu, msichana asiulize kama aivue. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya dini au imani yake. Aivae nadhifu, asiishike shike wakati anajibu, basi. Na aliyepangiwa usaili Ijumaa saa saba mchana aandike mapema, kwa heshima, ataje saa nyingine mbili anazoweza. Kuomba siku tatu kabla huonyesha mtu aliyejipanga. Kuomba asubuhi ya siku yenyewe huwa usumbufu.

Jopo nalo hukosea

Wapo wasaili wanaomuuliza msichana ataolewa lini, au kijana wa pwani ni kabila gani hasa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza mwajiri kumbagua anayetafuta kazi kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na mengine kadhaa. Ndani ya chumba, hata hivyo, anayepandisha hasira ndiye hupoteza. Lirudishe swali kwenye kazi: "Kama ni kuhusu ratiba, saa mlizozitaja naziweza." Kisha ukitoka, andika lililosemwa, saa na nani alilisema, maana ukitaka kwenda ofisi ya leba, utaulizwa hayo.

Ukiombwa pesa ya "faili" au ya "chai" ili jina lako lipite, hapo hapana usaili. Aga uondoke. Na kuhusu makaratasi, Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asimdai mwombaji vyeti vya uthibitisho, kama vile vya kodi, mkopo wa HELB au maadili mema, mpaka awe anakusudia kumpa mkataba wa kazi. Wazazi wengi bado wanakopa ili mtoto akusanye vyeti hivyo kwa kila tangazo analoliona. Mwambieni asubiri aitwe kupewa kazi.

Weledi huanzia kwenye mafunzo

Weledi wa kazi hauvaliwi asubuhi ya usaili pamoja na shati. Huanzia kwenye mafunzo ya kazini, yale wanafunzi wanayoyaita atachimenti, na hapo ndipo walioko Bondo wana bahati ambayo wengi wao hawaioni.

Chukua mwanafunzi anayepelekwa ufuo wa Usenge, upande wa ziwa, kuandika kilo za omena na sangara zinazoshushwa asubuhi. Omena ni wale dagaa wadogo wa ziwani. Anasimama na mvuvi, mchuuzi na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile kinachoitwa BMU. Vikundi hivyo hivyo viko Vanga, Shimoni na Kipini. Taasisi ya KMFRI, inayotafiti bahari na samaki, ina makao makuu Mombasa na ina kituo Kisumu. Mwanafunzi huyo akirudi pwani akaulizwa ana uzoefu gani, atasema hana, "nilikuwa atachimenti tu". Amesahau kwamba aliamka alfajiri kwa wiki kadhaa, akashika daftari kwa uaminifu, na akaelewana na watu ambao lugha yao hakuijua alipofika. Jopo lolote lingependa kusikia hayo.

Ushauri wangu kwa kila aliye kwenye mafunzo, awe ofisini, darasani au ufuoni, ni huu. Mbali na daftari la chuo linalotiwa saini na msimamizi, weka lako mwenyewe. Kila jioni andika mistari mitatu: leo nilipewa kazi gani, nilikosea wapi, nilirekebishaje. Mafunzo yakiisha utakuwa na visa vya kweli vya kutosha kujibu nusu ya maswali utakayoulizwa popote. Na wakati huo huo jizoeze mambo madogo: fika kabla ya msimamizi wako, jibu ujumbe siku hiyo hiyo, ukiharibu kitu sema mwenyewe kabla hakijagunduliwa. Aliyezoea kusema "hili nimelikosea, nalirekebisha hivi" mbele ya mtu mmoja ofisini hatatetemeka kulisema mbele ya wanne.

Jioni ya siku ya usaili

Kazi haiishi ukitoka mlangoni. Jioni ile ile, kabla hujalala, andika maswali yote unayoyakumbuka na weka alama pale ulipokwama. Tafuta jibu la lile lililokushinda, maana maswali ya usaili hujirudia kutoka jopo hadi jopo. Kesho yake tuma ujumbe mfupi wa shukrani. Kama kuna jibu moja ulilikosea, una ruhusa ya kulisahihisha humo kwa sentensi mbili.

Ukikosa nafasi, uliza kwa heshima ungeboresha nini. Wengi hawatajibu, lakini mmoja akijibu amekupa darasa la bure. Usiandike malalamiko kwenye hali yako ya WhatsApp, maana watu wa jopo nao wana simu na wana jamaa. Kisha tuma maombi mengine wiki hiyo hiyo, kabla moyo haujapoa. Wazee walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hakai akiliangalia. Hutafuta jingine moto ungali unawaka.

Hapa wazazi, walimu na wazee wa mitaa tuna sehemu yetu. Mtoto akirudi likizoni, tusimuulize tu atamaliza lini. Tunao walimu wastaafu, makarani wa bandari, wauguzi na mameneja wa hoteli katika kila mtaa wa Mombasa, Kilifi na Kwale. Jumamosi moja, saa kumi alasiri, tuweke meza moja na viti vitatu upande mmoja, kimoja upande wa pili. Aingie, asalimie, aulizwe maswali 10. Tumkatize katikati. Tumuulize asilolijua makusudi. Akikwama, asiruhusiwe kunyanyuka. Aseme, "Naomba nifikirie kidogo," kisha aendelee mpaka swali la mwisho.

Walioko Bondo wanaweza kufanya hivyo hivyo hosteli, wao kwa wao, wakibadilishana viti. Haihitaji bajeti wala mgeni rasmi. Inahitaji nusu saa kwa kila mmoja, na wenzake ambao hawatamcheka akikosea, bali watamuuliza swali linalofuata.